Dhamiri: Nani Aliyetujalia?

Kifungu cha kwanza cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika Kiswahili chake, kinatuambia kwamba watu wote wamejaliwa akili na dhamiri. Dhamiri ni istilahi, na wanaofasiri falsafa, sheria au Biblia hukutana nayo kila mara. Wamejaliwa ni neno la kawaida, na pengine ndiyo sababu wasomaji hulipita bila kulitazama. Lakini swali la kale, iwapo mtu huzaliwa na wema wake au huupata kwa sheria na kwa majirani, limekaa katikati ya maneno hayo mawili.

Mwaka 1947, rasimu iliyopita mikononi mwa Mfaransa René Cassin ilimtaja binadamu kuwa kiumbe mwenye akili. Mjumbe wa China, P. C. Chang, aliona hiyo haitoshi. Alitaka liongezwe wazo la Kikonfusio la ren, ambalo kwa maandishi ya Kichina huandikwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili: hali ya mtu kumhisi mwenzake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, maana huo ni utu. Wenzake Chang hawakuwa na neno hilo katika lugha zao, wakaishia kwenye neno walilolirithi kutoka conscientia ya Kilatini. Matini ya Kiarabu ikaandika damir. Yetu ikaandika dhamiri. Kitu kilichotoka China kikiwa cha watu wawili kimetufikia kikiwa cha kifuani mwa mtu mmoja.

Ugomvi wa pili ulizuka Paris mwaka 1948, Kamati ya Tatu ya Umoja wa Mataifa ilipojadili rasimu ile. Ilisema binadamu amepewa akili na dhamiri kwa maumbile. Wabrazili walitaka itajwe kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wengine hawakutaka Mungu atajwe, na wengine hawakutaka maumbile yashike nafasi ya Mungu. Suluhu ilikuwa kunyamaza: maumbile yakafutwa, Mungu hakuandikwa, na kila mtu akaachiwa ajaze nafasi ile kwa imani yake. Tarehe 10 Desemba nchi 48 zilipiga kura ya ndiyo, 8 zikajizuia, hakuna iliyopinga. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar hazikuwa na kiti pale.

Ukimya huo Kiswahili hakikuweza kuutunza. Kwetu mtu hujaliwa mtoto, hujaliwa riziki, na msafiri akiaga husema tutaonana Mungu akitujalia. Anayejalia hahitaji kutajwa kwa sababu hakuna wa pili. Basi yule aliyeachwa nje kule Paris amerudi kwa kitenzi kimoja, tena bila mtu kulalamika. Simlaumu mfasiri. Angeandika wamepewa, msomaji angeuliza wamepewa na nani. Angeandika wana, ile ladha ya tunu ingepotea.

Sasa dhamiri yenyewe. Katika Kiarabu shina lake ni la kuficha, kuweka jambo ndani ya nafsi. Wanasarufi wa Kiarabu hulitumia neno hilohilo kukiita kiwakilishi, kwa kuwa jina lenyewe limefichwa nyuma yake. Katika Kiswahili lilizaa ndugu wawili wanaochanganywa kila siku. Dhamira ni kusudio, na walimu wa fasihi wameliteka kwa ajili ya wazo kuu la kazi ya sanaa. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayopima jema na baya. Magazeti huandika moja mahali pa jingine, na si ajabu, maana yote mawili ni mambo ya ndani yasiyoonekana.

Wagiriki hawakuanza na kificho. Neno lao, syneidesis, ambalo mtume Paulo alilitumia alipowaandikia Warumi juu ya watu wa mataifa wasio na torati lakini wenye kazi yake mioyoni, limejengwa kwa kujua na pamoja. Conscientia imejengwa vivyo hivyo. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliliona hilo katika Leviathan ya mwaka 1651: asili ya neno, alieleza, ni watu wawili au zaidi wanaolijua jambo moja na kushuhudiana juu yake, baadaye ndipo watu wakalihamishia kwenye siri za mtu peke yake. Hobbes huyohuyo alishikilia kwamba raia hana ruhusa ya kuifanya dhamiri yake kuwa kipimo dhidi ya sheria, kwa kuwa sheria ndiyo dhamiri ya umma. Anayesema maadili ni matunda ya sheria hajapata wakili hodari kuliko huyo.

Kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba neno letu, lenye asili ya kificho, limechagua upande wa ndani. Lakini istilahi haiishi peke yake. Huishi na kitenzi chake. Dhamiri ya Mswahili hufanya nini? Humsuta. Nafsi inamsuta, moyo unamsuta. Na kusuta, kabla ya kuwa kazi ya dhamiri, ni kazi ya mtaa. Mbea amesema asilolijua. Aliyesemwa anakusanya wenziwe, wanamwendea mlangoni, mara nyingine na ngoma, wanamtaka alirudie neno lake mbele ya watu, alithibitishe au anywee. Kitenzi hiki kimechukuliwa kutoka barazani kikapelekwa kifuani kikiwa na makelele yake yote. Mwenye kusutwa na dhamiri anasimamishwa mlangoni kwake na wasemaji ambao hawapo. Lile pamoja la Wagiriki, na wale wawili wa Chang, wamo ndani ya kitenzi, japo nomino imewasahau.

Wanaotetea upande wa kuzaliwa na wema wana ushahidi, na wa kale kabisa ni wa Mencius, mwanafalsafa wa China, karne ya nne kabla ya Kristo: ukiona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani utashtuka kabla hujawaza sifa wala lawama. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom, walitangaza mwaka 2007 kwamba watoto wa miezi sita na kumi, walipoonyeshwa vibao vyenye macho, walipendelea kile kilichomsaidia mwenzake kupanda kilima kuliko kile kilichomsukuma chini. Habari hiyo ilishangiliwa sana. Maabara nyingi za mabara mbalimbali zilipoungana miaka ya karibuni kulirudia jaribio kwa watoto wengi zaidi, upendeleo huo haukuonekana. Waislamu wa pwani hawakungoja maabara: mtoto huzaliwa katika fitra, nao wazazi humwelekeza. Naona kauli hiyo inagawa kazi vizuri kuliko vitabu vingi vya saikolojia, ingawa haituambii wazazi wakikosea nani atawasahihisha.

Hapo ndipo historia yetu inapouma. Uungwana leo ni adabu, upole, kauli njema. Lakini mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Wema uliitwa kwa jina la tabaka. Sheria ilikuwa upande wa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 chini ya Sultan Barghash, tena kwa shinikizo la manowari za Waingereza. Hadhi ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria visiwani hadi 1897, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Katika miaka hiyo yote, mwenye mali aliyemwacha huru mtumwa alihesabiwa kutenda jambo la thawabu, na kumwacha huru kulikuwa pia kafara ya makosa fulani. Nafsi iliweza kumsuta mtu kwa kumdhulumu mtumwa wake na isimsute kwa kumnunua.

Je, basi jamii ndiyo iliyoamua lililo jema? Ingekuwa hivyo, watoro waliokimbia mashamba ya mwambao wakajenga makazi yao Fuladoyo, nyuma ya Mombasa, wasingekuwa na hoja yoyote. Nao walikuwa sehemu ya jamii hiyo. Kilichokosekana ni haki ya kusuta: mtumwa hakuruhusiwa kumwendea bwana mlangoni na kumtaka athibitishe. Sauti zinazoingia kifuani ni za wale tunaokubali watujie mlangoni, na orodha hiyo huandikwa na sheria, na mali, na desturi. Uwezo wa kusutwa twazaliwa nao, hilo naliamini. Lakini waliokuja kutusuta wametoka mtaani, na mtaa huwa na milango iliyofungwa.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kifungu kile kingefasiriwa akili na utu, ili Chang arudishiwe haki yake. Inavutia, lakini ingeleta hasara. Utu kwetu hupimwa kwa matendo: mtu huwa nao, hupungukiwa nao, na muuaji huambiwa hadharani hana utu. Kama haki zingesimama juu ya utu, wa kwanza kunyang'anywa angekuwa huyo tunayemchukia. Dhamiri haina ubaya huo. Hata yule asiye na utu tunamshtaki kwa sababu tunaamini kuna kitu ndani yake kinachoweza kumsuta, na mfungwa wa dhamiri, istilahi iliyoenezwa na Amnesty International tangu 1961, tunamtetea kwa imani hiyohiyo. Ningependekeza tu wafasiri waache kuandika mfungwa wa dhamira. Huyo atakuwa amefungwa kwa jambo alilokusudia kulifanya, na mahakamani hiyo ni kesi nyingine kabisa.