Kukaza kwa Misuli ya Nyuma ya Paja kwa Vijana Wasiofanya Mazoezi

Kukaza kwa misuli ya nyuma ya paja ni hali ya mtu kushindwa kulinyoosha goti hadi mwisho wakati nyonga imekunjwa, kwa sababu nyuma ya paja huanza kuvuta mapema. Huonekana mara nyingi kwa vijana wa rika la chuo na wa kazi za mezani, wasio na mchezo wala kazi ya nguvu. Si ugonjwa. Wengi walio nayo hawaumwi popote. Huigundua siku wanapoambiwa wainame waguse vidole vya miguu, mikono ikaishia kwenye miundi. Tiba yake ya kawaida ni fiziotherapia. Dawa hazina kazi kubwa hapa.

Umbile

Misuli inayohusika ni mitatu: bisepsi ya paja upande wa nje, semitendinosi na semimembranosi upande wa ndani. Yote huanzia kwenye mfupa wa kukalia, lile donge ambalo mtu hulihisi akikaa kwenye benchi gumu, isipokuwa kichwa kifupi cha bisepsi, ambacho huanzia nyuma ya fupaja. Kano zake hushuka nyuma ya goti na kujishika kwenye mifupa ya mguu chini ya goti. Ukikaa na kupapasa pande mbili za nyuma ya goti lako utazigusa.

Kwa kuwa misuli hii hupita viungo viwili, ina kazi mbili: kukunja goti na kurudisha paja nyuma. Haiwezi kupimwa wala kunyooshwa vizuri kwa kuangalia kiungo kimoja tu. Hapo ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapokosea.

Kukaa na kuinama

Husemwa kuwa kukaa kutwa nzima hufupisha misuli ya nyuma ya paja. Hiyo ni nusu ya kweli. Mtu aliyekaa kitini goti lake limekunjwa, na upande huo misuli imelegea. Lakini nyonga yake nayo imekunjwa, na upande wa juu misuli hiyohiyo imevutwa. Shida iliyo wazi zaidi ni kwamba anayekaa siku nzima haifikishi misuli yake mwisho wa safari yake hata mara moja, yaani nyonga ikunjwe huku goti limenyooka.

Mkao huo haukuwa mgeni katika maisha ya Afrika Mashariki. Anayepalilia kwa jembe, anayefua kwenye beseni lililo chini, anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa, wote huinama kutoka nyongani, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yakikunjwa kidogo tu. Rukuu nayo ina umbo hilohilo, na swala tano za faradhi zina rukuu 17 kwa siku. Hakuna anayerukuu ili anyooshe misuli, na si vizuri ibada igeuzwe kuwa zoezi. Ila mwili hauulizi sababu ya kuinama, na kijana anayefuliwa na mashine, akapanda bodaboda hadi kazini na kurudi kwenye kochi, anaweza kumaliza wiki bila kuinama hivyo hata mara moja.

Upimaji

Kipimo kinachojulikana zaidi mashuleni, cha kukaa chini miguu ikiwa mbele na kunyoosha mikono kuelekea vidole, kilielezwa na Wells na Dillon mwaka 1952. Ni rahisi lakini kina dosari: mwenye mikono mirefu au mgongo mlegevu hufaulu hata kama mapaja yake yamekaza. Wataalamu wa fiziotherapia hupendelea kumlaza mtu chali, paja likasimamishwa wima, kisha akaambiwa anyooshe goti mwenyewe kadiri awezavyo. Nyuzi zinazobaki kabla ya goti kunyooka kabisa ndizo kipimo. Watafiti wengine huhesabu kukaza kuanzia upungufu wa nyuzi 20, wengine 30. Wanawake kwa kawaida hupungukiwa nyuzi chache kuliko wanaume, kwa hiyo mpaka mmoja kwa wote si wa haki sana.

Kabla ya tiba ni lazima kujua kama kinachovuta ni msuli au ni neva. Neva ya siatiki hupita nyuma ya paja katikati ya misuli hii, na ikisumbuliwa na diski ya mgongo hutoa hisia inayofanana kabisa na msuli uliokaza. Njia ya kutofautisha ni ya busara: mguu ukiwa umeinuliwa hadi panapoanza kuvuta, mgonjwa huvuta vidole na unyayo kuelekea mwilini, au huinamisha kidevu kifuani. Misuli ya nyuma ya paja haifiki kwenye unyayo wala shingoni. Maumivu ya paja yakibadilika kwa mwendo huo, neva inashukiwa. Kuinua mguu ulionyooka kwa ajili ya kuichunguza neva hiyo hubeba jina la Charles Lasègue, daktari wa Ufaransa, ingawa aliyekiandika kipimo hicho, mwaka 1881, ni mwanafunzi wake Forst.

Ganzi au mwako unaoshuka chini ya goti, udhaifu wa mguu, au maumivu yaliyoanza ghafla kwa mlio nyuma ya paja yanahitaji uchunguzi, si kunyooshwa. Ganzi kwenye eneo la kukalia pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kinachobadilika kwa tiba

Kwa miaka mingi msuli uliokaza ulichukuliwa kuwa kama kamba fupi: ivute, itarefuka. Mwaka 2010 Weppler na Magnusson walipitia ushahidi uliokuwapo wakahoji wazo hilo. Katika mazoezi ya wiki tatu hadi nane, walieleza, goti hunyooka zaidi hasa kwa sababu mtu amezoea kuvutwa. Msuli wenyewe, ukivutwa kwa nguvu ileile, hufika palepale ulipofika mwanzo. Yaani ubongo ndio unaoruhusu safari ndefu zaidi kabla ya kupiga kelele.

Hilo lina maana kubwa kliniki. Kama kazi ni kumzoesha mtu, basi kumkandamiza mguu mpaka atokwe na machozi ni kinyume cha tiba. Kinachotakiwa ni mvuto unaohisiwa lakini unaovumilika, unaorudiwa siku nyingi.

Kunyoosha

Jibu la swali la muda wa kushikilia mnyoosho lilipatikana Marekani. Mwaka 1994 William Bandy na Jean Irion walichagua watu waliopungukiwa zaidi ya nyuzi 30, wakawanyoosha siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Sekunde 30 zilifaa sawa na sekunde 60. Sekunde 15 hazikutosha. Miaka mitatu baadaye wao na mwenzao walionyesha kuwa kurudia mara tatu kwa siku hakukuongeza kitu juu ya mara moja. Sekunde 30 kwa kila mguu, mara moja kwa siku: ni vigumu kupata tiba yenye masharti mepesi kuliko hiyo, na bado vijana wengi huiacha kabla ya wiki ya pili.

Namna ya kufanya ina uzito kuliko wingi. Kisigino huwekwa juu ya kiti kifupi au ngazi, goti linyooke, kisha mtu huinama kutoka nyongani, kifua mbele, mgongo usijikunje. Akijikunja mgongo, mikono itafika mbali na misuli ya paja haitaguswa. Kurukaruka katika mnyoosho hakushauriwi kwa anayeanza.

Wataalamu pia hutumia njia ya kukaza na kulegeza. Mgonjwa husukuma mguu chini dhidi ya mkono wa mtaalamu kwa sekunde chache, hulegea, kisha mguu hupandishwa hadi kikomo kipya. Mizizi yake ni mbinu zilizobuniwa na daktari Herman Kabat na mtaalamu wa fiziotherapia Margaret Knott nchini Marekani miaka ya 1940, awali kwa wagonjwa wa kupooza. Hufanya kazi haraka, lakini faida ya kikao kimoja hufifia upesi kama hakuna mazoezi ya nyumbani. Kukanda na kubingirisha paja juu ya silinda ya sponji hulegeza kwa muda mfupi tu.

Kuimarisha

Kwa kijana asiyefanya mazoezi hili ndilo linalosahaulika, nalo pengine lina faida kuliko kunyoosha. Mwaka 2004 Nelson na Bandy waliwapa wavulana wa sekondari zoezi la kukaza msuli huku ukirefuka. Baada ya wiki sita waliongeza karibu nyuzi 13, sawa na wenzao walionyoosha tu. Msuli uliokaza unaweza pia kuwa dhaifu, na kunyoosha peke yake hakuupi nguvu ya kutumia nafasi mpya.

Zoezi linalofaa halihitaji jimu. Mtu husimama na dumu la maji la lita 5 kila mkono, magoti yamelegezwa kidogo, husukuma makalio nyuma na kushusha madumu polepole kwa kuhesabu hadi nne, huishia panapoanza kuvuta, kisha husimama. Mara nane hadi kumi na mbili, seti mbili au tatu, siku mbili au tatu kwa wiki, uzito ukiongezwa taratibu. Lile zoezi la kupiga magoti na kujiangusha mbele miguu ikiwa imeshikiliwa, linalopendwa na timu za soka, ni zito mno kwa anayeanza na huacha maumivu ya siku kadhaa.

Maendeleo hupimwa tena kwa nyuzi za goti baada ya wiki nne hadi sita, si kwa hisia. Mazoezi yakiachwa, nyuzi zilizopatikana hupungua katika wiki chache. Kipindi kimoja au viwili kwa wiki kwa kawaida hutosha kuzitunza. Na kijana aliyekaza bila maumivu, anayekimbia, anayepanda ngazi na kuinua mizigo bila shida, hana lazima ya kutibiwa chochote.