Banda la Samaki Lililozaa Watungaji

Wazee husema: Mficha uchi hazai. Methali hii twaitumia mara nyingi juu ya mtu afichaye ugonjwa au shida yake; lakini yamhusu vilevile mtu aliyetunga maneno akayafungia sandukuni, asitake mtu yeyote ayasikie. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za watu wachache wa Marekani waliosomeana michezo mifupi ya kuigiza waliyoitunga wenyewe, na kwa kusomeana huko wakaifungulia nchi yao njia mpya.

Mji wao waitwa Provincetown, katika jimbo la Massachusetts, kwenye ncha ya rasi ndefu iitwayo Cape Cod, iliyojikunja baharini kama mkono wa mtu aliyekunja kiwiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji wake wengi walikuwa wavuvi, na wengi wa hao walikuwa wa asili ya Kireno. Wakati wa joto walikuja pia waandishi na wachoraji kutoka New York. Siku hizo nyumba kubwa za michezo za New York zilikuwa mikononi mwa wafanya biashara, nao walitaka mchezo ambao faida yake yajulikana tangu mwanzo. Mtungaji asiyejulikana, aliyeandika habari za watu wa kawaida kwa maneno yao wenyewe, hakupata mlango wa kuingilia.

Katika wageni hao walikuwamo George Cram Cook na mkewe, Susan Glaspell. Walikuwa wametunga pamoja mchezo mfupi wa kuchekesha, unaowadhihaki watu wanaotafuta maana ya siri katika kila ndoto. Kikundi kimoja cha New York kiliukataa. Basi tarehe 15 Julai 1915 wakaucheza nyumbani kwa marafiki, pamoja na mchezo mwingine uliotungwa na mwenye nyumba, Neith Boyce. Mchezo wa kwanza ulichezwa barazani, bahari ikiwa nyuma ya wachezaji. Ulipokwisha, watazamaji waligeuza viti vyao wakatazama upande wa pili, na mchezo wa pili ukaanza. Hawakuwa na jukwaa wala pazia. Walakini jirani walipopata habari, walitaka kuiona nao. Ndipo wakalifagia banda kuukuu la samaki lililosimama juu ya gati, mali ya mwandishi Mary Heaton Vorse, wakalifanya nyumba ya michezo.

Mwaka uliofuata, 1916, alifika kijana mmoja jina lake Eugene O'Neill. Alikuwa na umri wa miaka 27. Baba yake alikuwa mchezaji mashuhuri, na yeye mwenyewe amekwisha kufanya kazi ya ubaharia. Susan Glaspell ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1927 jinsi walivyosikia kwamba mgeni huyo ana sanduku tele la michezo. Wakamwomba alete mmoja. Alileta ule uitwao Bound East for Cardiff, habari za baharia anayekufa kitandani mwake ndani ya meli, ukungu umetanda nje, na rafiki yake ameketi karibu asijue la kufanya. Mtu mwingine aliusoma kwa sauti mbele ya wote. Mtungaji mwenyewe hakuweza kukaa pamoja nao. Alijitenga katika chumba cha kulia chakula mpaka usomaji ulipokwisha. Ndipo wote wakamwendea, maana walikuwa wamejua ya kuwa wamempata mtungaji.

Tarehe 28 Julai mchezo huo ulichezwa gatini. Cook alikuwa yule baharia anayekufa, na O'Neill alipewa maneno machache tu ya kusema, nayo yalimtia hofu. Maji ya bahari yalipiga nguzo chini ya sakafu, hata mtazamaji akajiona yumo melini.

Habari ya Susan Glaspell yafundisha jambo jingine. Mumewe alikwisha kutangaza kwamba atatunga mchezo, naye hakuwa nao. Akaenda kuketi peke yake katika banda lile, akilitazama jukwaa tupu, mpaka akaona moyoni mwake jiko la mkulima wa Iowa. Zamani alipokuwa mwandishi wa gazeti katika jimbo hilo alikuwa ameandika habari za mwanamke aliyeshtakiwa kumwua mumewe. Kila aliposhindwa kuendelea alirudi kulitazama jukwaa. Hivyo ulizaliwa mchezo wa Trifles, uliochezwa Agosti 1916, nao ungali unasomwa na kuchezwa hata leo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule walijiwekea kanuni. Walikubaliana kwamba kazi yao ni kuwasaidia watungaji wa Marekani. Kwamba michezo isomwe mbele ya wanachama nao wapige kura. Na kwamba mtungaji awe na uhuru wa kuongoza mchezo wake. Kisha wakahamia New York, katika mtaa wa Macdougal. Kwa miaka michache walionyesha karibu michezo 100, mingi yao mifupi. Mingi haikumbukwi tena, lakini isingalichezwa hiyo, isingalipatikana iliyo bora.

Mafanikio nayo yalikuja na mtihani wake. Tarehe 1 Novemba 1920 walionyesha The Emperor Jones wa O'Neill, na mchezaji mkuu alikuwa Charles Gilpin, mtu mweusi. Watu walifurika, na mchezo ukahamishwa Broadway, kwenye majumba makubwa. Tangu hapo wengi katika kikundi waliyatamani majumba yale, na hamu ya kujaribu mambo madogo ikapungua. Cook alihuzunika. Mwaka 1922 yeye na mkewe walisafiri kwenda Ugiriki, na kikundi kile cha kwanza kikakoma. Cook alifariki huko mwaka 1924. O'Neill alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936, na Susan Glaspell alikuwa amepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1931.

Basi tusidhani kwamba watu hawa walipata sifa kwa kuwa na jumba zuri. Walikuwa na banda lililonuka samaki. Walichokuwa nacho ni rafiki walio tayari kusikiliza, na ujasiri wa kusomewa kazi zao mbele ya watu. Hata O'Neill aliogopa, akajitenga; lakini kwanza alikuwa amekwisha kuitoa karatasi yake mikononi mwa wenziwe. Nawe kijana uliye na mchezo ndani ya daftari, watafute watu watano, uwaketishe barazani, umpe mmoja wao asome. Ukishindwa kukaa nao, kaa chumba cha pili; lakini mlango uuache wazi, upate kusikia.