Riwaya za Kimarekani juu ya Vijana Waliovuka Mpaka wa Jinsia, na Suala la Viwakilishi

Katika fasihi ya Kiingereza ya Marekani limo tawi changa ambalo umri wake haujatimia miaka thelathini, nalo ni lile la riwaya za vijana ambao jinsia wanayojitambua kwayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi jinsi tawi hilo lilivyochipua na kukua. Pili, kuonyesha kwamba historia yake haiwezi kufahamika barabara pasipo kuchunguza sarufi ya Kiingereza, hasa viwakilishi vyake. Na kwamba kwa sababu hiyo mfasiri wa Kiswahili akabiliwa na kazi ambayo mfasiri wa Kifaransa au wa Kijerumani haijui.

Yafaa kwanza kutengeneza istilahi. Neno huntha, lililotoka katika Kiarabu, humtaja mtu aliyezaliwa na alama za kiume na za kike pamoja. Hilo ni jambo la mwili, wala silo linalosimuliwa katika vitabu hivi. Neno hanithi ni la kudharau, na maana yake ni nyingine kabisa. Neno transijenda, ambalo limeanza kutumika katika maandishi ya siku hizi, limekopwa sauti tu na kuachwa bila maelezo. Hapa patasemwa kwa uwazi: kijana aliyevuka mpaka wa jinsia, na kijana asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke. Maneno ni marefu, lakini hayamtukani mtu wala hayampotezi msomaji.

Riwaya za vijana, kwa maana ya vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa wasomaji waliotoka utotoni na ambao bado hawajaingia utu uzima, aghalabu huhesabiwa Marekani kuanzia mwaka wa 1967, kilipotoka kitabu cha S. E. Hinton kiitwacho The Outsiders. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1969, John Donovan alitoa kitabu chake I'll Get There. It Better Be Worth the Trip, ambacho ndicho cha kwanza katika jamii hiyo kugusia mapenzi baina ya wavulana wawili. Mwaka wa 1982 ulitoka Annie on My Mind wa Nancy Garden, juu ya wasichana wawili wapendanao. Hata hivyo, katika vitabu hivi vyote swali lilikuwa ni nani apendwaye. Swali la mtu mwenyewe ni nani halikuwa limeulizwa bado.

Liliulizwa mwaka wa 2004, Julie Anne Peters alipotoa riwaya ya Luna, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake kutolewa na shirika kubwa la uchapaji. Ilifika hatua ya mwisho ya mashindano ya tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani katika mwaka huo huo. Kisa chake ni cha kijana ambaye mchana huitwa Liam, na usiku, palipo siri, huwa msichana ajiitaye Luna, yaani mwezi. Lakini asimuliaye si Luna. Ni dada yake, Regan. Msomaji humwona Luna kwa macho ya mtu wa pembeni, ampendaye na kuchoshwa naye kwa wakati mmoja. Hapana shaka mwandishi alichagua njia hiyo kwa hekima: msomaji wa mwaka wa 2004 alihitaji mtu wa kumshika mkono. Lakini kila mshika mkono huchagua njia, na mambo mengi ya moyoni mwa Luna yalibaki nje ya upeo wa dada.

Mwaka wa 2007 Ellen Wittlinger alitoa Parrotfish, na hapo hatua moja ilipigwa: kijana Grady, ambaye nyumbani aliitwa Angela, ajisimulia mwenyewe. Jina la kitabu latokana na samaki aitwaye kwa Kiswahili pono, ambaye katika aina zake nyingi huweza kuzaliwa jike na baadaye akawa dume. Mwaka wa 2009 Brian Katcher alitoa Almost Perfect, na hapo usimulizi ulirudi nyuma: msichana Sage asimuliwa na mvulana ampendaye, Logan, na mateso ya Sage, ambaye hupigwa vibaya, yawa somo la kumfunza Logan. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Stonewall mwaka wa 2011. Hata hivyo wasomaji wengi waliokuwa katika hali ya Sage walilalamika kwamba walipewa nafasi ya kuhurumiwa tu, si ya kuishi. Mwaka huo huo Cris Beam alitoa I Am J, kisa cha kijana wa New York.

Mpaka hapo, wengi wa waandishi walikuwa watu waliotazama kutoka nje. Badiliko kubwa lilikuja mwaka wa 2015 na miaka iliyofuata, walipoanza kuandika wale wenyewe walioyaishi mambo hayo. Alex Gino, asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke, alitoa George mwaka wa 2015, kitabu cha watoto wadogo kuliko vijana. Meredith Russo, mwanamke aliyevuka mpaka, alitoa If I Was Your Girl mwaka wa 2016, kisa cha Amanda anayehamia kwa baba yake katika mji mdogo wa Tennessee. Katika maneno ya mwisho ya kitabu hicho Russo aeleza kwamba alimrahisishia Amanda mambo mengi ili msomaji asipate kisingizio cha kumkataa. Mwaka wa 2019 Mason Deaver alitoa I Wish You All the Best. Mwaka wa 2020 Kacen Callender alitoa Felix Ever After, na Aiden Thomas akatoa Cemetery Boys. Katika vitabu hivi vya mwisho kijana haombi tena kuaminiwa. Ana mapenzi, ugomvi, wivu na mitihani kama vijana wengine.

Basi ni wakati wa kuingia katika sarufi. Kiingereza humlazimu msemaji, kila anapomtaja mtu mmoja asiyekuwapo, aonyeshe kama ni mwanamume au mwanamke. Waandishi wa riwaya hizi wamelifanya sharti hilo kuwa chombo cha usanii. Katika George, mtoto wa miaka kumi huitwa na watu wote kwa jina la kiume, na wote humtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Lakini msimulizi, tangu ukurasa wa kwanza, humtaja kwa kiwakilishi cha kike. Msimulizi hatoi hoja wala hahubiri. Neno moja dogo latosha kumjulisha msomaji kwamba yuko mmoja anayemjua mtoto huyu, nao wengine hawamjui. Jina la kitabu lenyewe lilikuja kuonekana kuwa kosa, kwa kuwa lilimwita mtoto kwa jina asilolitaka. Mwaka wa 2021 mwandishi alitangaza kwamba kiitwe Melissa, na mwaka wa 2022 kikachapishwa kwa jina hilo.

Jeff Garvin, katika Symptoms of Being Human cha mwaka wa 2016, alitumia hila iliyo kinyume: Riley hujisimulia kwa nafsi ya kwanza, na mpaka mwisho msomaji haambiwi Riley alizaliwa wa jinsia gani. Kwa Kiingereza hilo ni kama kutembea juu ya kamba, maana kila mtu mwingine anayemtaja Riley lazima azuiwe asitamke kiwakilishi. Deaver alichukua kile cha wengi, they, akakitumia kwa mtu mmoja. Maia Kobabe, katika kumbukumbu zake za michoro ziitwazo Gender Queer za mwaka wa 2019, alichagua kiwakilishi kipya kabisa. Matumizi ya they kwa mtu mmoja asiyejulikana si mageni katika Kiingereza, yapata tangu karne ya 14. Kilicho kipya ni kukitumia kwa mtu ajulikanaye kwa jina. Chama cha wataalamu wa lahaja za Marekani kilikichagua kuwa neno la mwaka wa 2015, na kamusi ya Merriam-Webster ikafanya hivyo mwaka wa 2019.

Sasa achukuliwe mfasiri wa Kiswahili aliyeketi mbele ya ukurasa wa kwanza wa Melissa. Kiambishi a- cha aliingia hakijui mume wala mke. Yeye vilevile, na -m- ya alimwona vilevile. Ngeli za Kiswahili hupanga viumbe kwa uhai na umbo, si kwa jinsia. Kwa hiyo lile neno dogo lililobeba siri ya kitabu hutoweka, na pamoja nalo hutoweka ule utiifu wa kimya wa msimulizi kwa mtoto. Kinyume chake, kamba aliyoitembea Garvin kwa taabu huwa barabara pana: Kiswahili kingeweza kumsimulia Riley hata kwa nafsi ya tatu kurasa mia tatu bila kutokwa na jasho. Na mfasiri atakayedhani kwamba they yapasa kuwa wao, akaandika walikuja, atamfanya msomaji atafute mtu wa pili ambaye hayupo.

Lakini isidhaniwe kwamba Kiswahili hakiulizi jinsia ya mtu. Hukiuliza mahali pengine. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hapo jinsia imo katika kauli ya kitenzi. Dada wa baba ni shangazi, ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Wifi ni neno la wanawake kwa wanawake. Huyu ni bin fulani na yule ni binti fulani. Basi mfasiri mwangalifu hatalia kwa kupotewa na kiwakilishi, bali ataihamisha kazi yake. Msimulizi wa Melissa aweza kumwita binti pale ambapo wengine wote humwita mvulana. Regan aweza kusema kaka mchana na dada usiku. Na kwa kijana asiyekuwa huku wala huku, lugha ina neno ndugu, ambalo tangu zamani hufaa kwa wote wawili mpaka liongezewe mume au mke.

Hali hiyo si ya Kiswahili peke yake. Akwaeke Emezi, aliyezaliwa Umuahia, Nigeria, aliandika kwa Kiingereza riwaya ya Pet, iliyotoka mwaka wa 2019 na kufika hatua ya mwisho ya tuzo ya taifa. Jam, msichana mweusi wa kitabu hicho, aliwaambia wazazi wake tangu utoto kwamba yeye ni msichana, nao wakamsadiki. Kisa chenyewe ni cha jambo jingine, yaani mji unaokataa kukiri kwamba una waovu. Emezi alikulia katika nchi ya Waigbo, ambao kiwakilishi chao cha nafsi ya tatu, kama cha Kiswahili, hakibagui jinsia.

Yamebaki mashaka ya vitabu hivi nyumbani kwao. Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza mwaka wa 1982 kesi ya Island Trees, na majaji waliotangulia katika uamuzi walisema kwamba bodi ya shule haiwezi kuondoa vitabu katika maktaba kwa sababu tu ya kuyachukia mawazo yaliyomo. Mwaka wa 1993 nakala ya Annie on My Mind ilichomwa moto Kansas City, na mwaka wa 1995 jaji wa Kansas aliamuru kitabu kirudishwe maktabani Olathe. Hata hivyo, katika orodha za chama cha wakutubi wa Marekani, kitabu cha Gino kilikuwa cha kwanza kwa kupingwa mwaka wa 2018, wa 2019 na wa 2020, nacho cha Kobabe kilishika nafasi hiyo mwaka wa 2021, wa 2022 na wa 2023.

Wapingao husema kwamba wazazi ndio wenye haki ya kuamua watoto wasome nini. Watetezi hujibu kwamba haki ya mzazi juu ya mwanawe haimpi mamlaka juu ya mwana wa jirani. Mabishano hayo hayajakwisha. Ila mwanalugha aweza kuongeza neno moja lililo katika taaluma yake. Vitabu hivi vilianza kwa dada kumsimulia ndugu yake, vikafika kwa kijana kujisimulia mwenyewe, na katika safari hiyo yote mzigo mzito kupita yote ulibebwa na neno la herufi mbili tatu. Mfasiri asiyeliona neno hilo hatapoteza pambo la mtindo tu; atakuwa amempoteza mtu ambaye kitabu kizima kiliandikwa ili aonekane.