Malisho ya jamii ya kunde kwa maeneo ya mvua chache: mambo ya kujua kabla ya kupakia lori

GISENYI – Mji huu wa mpakani, makao ya wilaya ya Rubavu, hauna shida kubwa ya mvua. Lakini ufugaji wa Rwanda unategemea sana wilaya za mashariki za Nyagatare, Gatsibo na Kayonza, ambako mvua ni chache na kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kikali. Ukame wa 2016 uliziumiza wilaya hizo. Malisho yakikauka huko, mnunuzi wa mifugo na maziwa hupata ng'ombe waliokonda na maziwa kidogo.

Kwa nini jamii ya kunde

Nyasi zikikauka, protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na hapo tumbo la ng'ombe hushindwa kusaga chakula vizuri. Mimea ya jamii ya kunde ina mizizi mirefu inayofuata maji chini, na bakteria wa mizizini huipatia naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo hubaki na protini hata mbolea ikikosekana.

Aina zinazofaa

Fiwi (Lablab purpureus): huota haraka na huweza kupandwa pamoja na mahindi. Mbegu kilo 15 hadi 20 hutosha hekta moja. Haipendi maji yanayotuama.

Desmodiamu: ile ya majani ya kijani (Desmodium intortum) huvumilia ukame kuliko ya majani ya fedha. Taasisi ya ICIPE ya Kenya huitumia pia kuzuia viwavi na kiduha shambani.

Stailo (Stylosanthes): hukubali udongo duni.

Lusina (Leucaena): ni mti wa kukatwa majani. Yasizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, kwani yana sumu ya mimosini.

Hesabu ya msafirishaji

Robota la kilo 20 la nyasi zenye protini asilimia 5 lina kilo 1 ya protini. Robota la fiwi lenye asilimia 16 lina kilo 3.2. Nauli ya Nyagatare hadi Rubavu, kilomita 300 hivi, ni ile ile kwa yote mawili. Lori la marobota 300, yaani tani 6, hubeba kilo 300 za protini kwa nyasi na kilo 960 kwa fiwi. Safari ndefu hulipa zaidi kwa fiwi.

Ubora na vibali

Protini nyingi iko kwenye majani, si kwenye shina. Mmea ukatwe unapoanza kutoa maua, ukaushwe kivulini, na ufungwe ukiwa na unyevu usiozidi asilimia 15. Ukizidi hapo huota ukungu. Ukikauka mno majani hupukutika njiani. Fungua robota moja kabla ya kulipa: ukikuta vijiti vitupu, bei ishuke. Funika mzigo kwa turubai.

Mbegu zikivuka mpaka zinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Rwanda hutolewa na RICA. Kipate kabla ya kupakia, kwani gari likisimama mpakani gharama ni yako.