Majina ya Kamba na Nyuzi Katika Pwani ya Mrima

Mtu ajifunzaye lugha ya wengine hudhani kwamba kila neno la kwao lina mwenziwe mmoja katika lugha yake. Huambiwa ya kuwa kwa Kifaransa kamba ni corde, ugwe ni ficelle, na uzi ni fil. Naye huona kazi imekwisha. Lakini chomboni mabaharia wa Kifaransa huliepuka neno corde. Kamba ya kupandishia tanga ni drisse, ya kulizuia tanga upeponi ni écoute, na ya kufungia chombo ni amarre. Jina lafuata kazi, si unene.

Ndivyo ilivyo desturi ya watu wa Mrima, tangu Tanga na Pangani hata Bagamoyo. Henza hupandisha foromali pamoja na tanga. Demani huivuta pembe ya tanga. Amari hushika nanga, na neno hili wajuzi hulilinganisha na amarra la Kireno. Nchi kavu nako kuna upote wa uta, mshipi wa mvuvi, gidamu ya kiatu, na mashupatu ya kitanda. Mgeni aweza kuviita vyote kamba. Mwenyeji huuliza kwanza, ya kufanyia nini? Padre Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo, alikusanya maneno mengi ya namna hii katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyopigwa chapa Paris mwaka 1939.

Yako pia majina yafuatayo kitu chenyewe. Makumbi ya nazi hufukiwa ufuoni miezi kadhaa, maji yakijaa na kupwa juu yake; kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, na usumba wake hukaushwa na kusokotwa. Kwa kamba za usumba mitepe ilishonwa ubao kwa ubao, pasipo msumari. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus, chataja katika pwani hii mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Mahali pake pangali pakibishaniwa, lakini kazi ya kamba imebaki katika jina.

Sasa tutazame mkonge. Zamani jina hili lilikuwa la mmea wa porini wa jamii ya Sansevieria, wenye majani marefu na nyuzi za nguvu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya Agave sisalana, mmea wa asili ya Mexico, aliyoiagiza kutoka Florida. Katika miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Wazungu waliuita mmea huo sisal, kwa jina la bandari ya Yucatán. Watu wa pwani waliona kwamba nyuzi zake zafanya kazi ile ile ya mkonge wao, basi wakaupa jina hilo. Na nyuzi zake zikaitwa katani, neno lililo ndugu wa kitani, ambalo Waarabu hulitumia kwa nguo na nyuzi nyingine kabisa. Mashamba yakaenea Tanga, na mkonge wa kale ukafunikwa na mgeni wake.

Kwa hiyo asomaye habari za kamba ya mkonge kabla ya mwaka 1893 asidhani kwamba yasemwa mashamba ya Tanga. Atakuwa amewapa wazee mmea wasioujua. Na leo, nailoni imekwisha kuingia vyomboni. Jina lililotolewa kwa kazi, kama amari, laweza kuhamia kamba mpya. Jina la kitu, kama usumba, hufifia kitu kikiachwa. Basi akusanyaye maneno kwa wazee aulize kamba imefanywa kwa nini, yafanya kazi gani, na tangu lini. Ayaandike yote matatu pamoja na neno.