Pia na Risasi

Bila shaka, msomaji, umepata kuchezea pia. Wajua kwamba pia izungukayo kwa kasi husimama wima, na ikipungua mwendo huyumbayumba hata ikaanguka. Risasi nayo huwa vivyo hivyo hewani. Ndiyo sababu mafundi huchonga ndani ya mtutu wa bunduki mifereji inayojipinda mfano wa parafujo, ili risasi itoke ikizunguka. Lakini mifereji hiyo ijipinde kiasi gani?

Bunduki ya Enfield ya mwaka wa 1853, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza, ilikuwa na mtutu wa inchi 39, na mifereji yake ilitimiza mzunguko mmoja katika inchi 78. Hesabu mwenyewe: risasi ilitoka ikiwa imezunguka nusu tu! Kwa kuwa ilikuwa nene na fupi, ilienda vyema pasipo mbali mno.

Mwaka wa 1854 serikali ilimtaka Joseph Whitworth, fundi mashuhuri wa mitambo huko Manchester, asaidie kuunda mashine za kutengenezea bunduki. Yeye alitaka kwanza kujua bunduki njema ni ipi. Akajenga banda la yadi 500 karibu na nyumba yake, akajaribu humo mitutu ya kila namna. Uzito wa risasi hakuubadili. Ulibaki gramu 34 hivi. Alichopunguza ni upana wa tundu la mtutu, kutoka inchi 0.577 hadi 0.451, na risasi ikawa haina budi kurefuka. Risasi ndefu huyumba upesi, basi akaizungusha mara moja kila inchi 20.

Zilishindanishwa Hythe mwaka wa 1857. Kwa yadi 1,400 Enfield ilipotea kabisa, na Whitworth ikaendelea kupiga shabaha. Hata hivyo jeshi liliikataa, kwani ilikuwa ghali, na tundu lake jembamba liliziba upesi kwa masizi ya baruti. Mimi siwalaumu sana. Askari vitani hana nafasi ya kusugua mtutu.

Majeshi ya Kusini ya Marekani yalinunua chache. Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania, Jemadari John Sedgwick aliwacheka askari wake walioinama kukwepa risasi za adui aliye mbali. Punde si punde risasi ikampata chini ya jicho, akafa. Wengi husema ilitoka katika bunduki ya Whitworth.

Hesabu yenyewe ilikuja mwaka wa 1879, kwa George Greenhill, mwalimu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich. Kanuni yake ni nyepesi. Ikiwa urefu wa risasi ni mara 3 ya upana wake, gawanya 150 kwa 3, upate 50. Yaani izunguke mara moja katika mwendo wa upana wake mara 50. Kwa upana wa inchi 0.451, jibu ni inchi 22 na nusu. Whitworth alikuwa amefikia 20 kwa kufyatua tu, bandani mwake.