Fiat Coupé: Bei nafuu, mkanda ghali
Fiat Coupé, gari la milango miwili lililoundwa Italia kati ya 1993 na 2000, lilichorwa umbo na Mmarekani Chris Bangle. Linalotamaniwa zaidi ni lile la turbo lililotoka 1996, lenye silinda tano na nguvu za farasi 220.

Mnunuzi asihadaike na rangi, hata iwe ile ya manjano iliyolipa sifa. Kwanza adai stakabadhi ya gereji inayoonyesha mkanda wa kuendeshea vali ulibadilishwa lini. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, injini ikaharibika. Nafasi ni finyu hivi kwamba mafundi wengi huishusha injini nzima kuufikia, na ujira wao huizidi mbali bei ya mkanda wenyewe. Stakabadhi ikikosekana, gharama hiyo ikatwe kwenye bei.